Aliyetulia Pichani

"Pauni mia nne na themanini!" Gavin Tosh aliipiga ankara mezani kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. "Kwa watu thelathini na tisa! Hesabu za wapi hizo, Bi Rennie?"

"Watu arobaini," alijibu Elspeth Rennie, akiendelea kumimina chai. "Pauni kumi na mbili kila kichwa. Tuliandikiana mwezi wa tisa, ukatia sahihi kwa kalamu yangu, na kalamu hujairudisha."

"Nimehesabu mara mbili."

"Wewe ni muuza nyama, Gavin. Hesabu zako kila mtu hapa Drumlathie anazijua. Kidole kimoja hubaki kwenye mizani."

Gavin alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, shingo nene, na hasira iliyopanda haraka kuliko maziwa motoni. Lakini Elspeth naye hakuwa mtu wa kutishika. Alikaa dirisha la posta miaka thelathini, na alipostaafu akaanza kuwatafutia watu mababu zao katika vitabu vya kanisa, sensa na vyeti vya zamani. Hakusomea chuo chochote. Alijifundisha kwa kukosea na kurudia, na alikuwa na kanuni moja: haandiki jina bila karatasi mbili za kulithibitisha. Wako wanaojiita wataalamu, wana kadi za kugawa na tai shingoni, wanaomtungia mteja babu mwenye kasri ili afurahi. Elspeth hakuwa na babu wa kumuuzia mtu.

Na Gavin alikuwa na haraka. Jumapili mjukuu wake wa kwanza angebatizwa, na chati ya ukoo, ndani ya fremu ya mwaloni, ilitakiwa iwe imetundikwa ukumbini kabla wageni hawajagusa keki. Mtoto angeitwa Grizel, jina la marehemu dada yake Gavin. Ijumaa wangekwenda kwa msajili kuliandika.

"Majina ni thelathini na tisa," Elspeth alisema. "Wa arobaini ni huyu." Akaweka kidole juu ya kisanduku kilichokuwa pembeni mwa chati, peke yake, bila mstari wa kukiunganisha na mtu. Ndani yake palikuwa pameandikwa: *Mwanamke asiyejulikana. Yumo katika picha tano.*

"Nikulipe pauni kumi na mbili kwa mtu usiyemjua?"

"Nimemtafuta wiki tatu. Amenisumbua kuliko hao wengine wote."

Akazipanga zile picha mezani. Zote zilitoka katika bati la biskuti alilolileta Gavin mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1858: Andrew Tosh, fundi mawe, mkewe Grizel na watoto watatu, mbele ya nyumba yao. Enzi hizo mtu alitakiwa akae kimya mbele ya kamera mpaka hesabu ya sekunde nyingi iishe, na aliyepumua tu, sura yake ilitoka imefifia kama iliyopanguswa kwa kidole. Wote watano walikuwa wamefifia. Lakini pembeni, nyuma ya msichana mdogo, aliketi mwanamke mwenye shali aliyeonekana wazi kabisa, uzi kwa uzi, kope kwa kope.

"Unajua ni nani hutoka wazi hivyo katika picha za zamani?" Elspeth aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Zamani watu walipiga picha na maiti wao kabla ya kuzika. Maiti hatikisiki."

"Upuuzi."

"Sawa, upuuzi. Basi nieleze hii ya 1889. Na ya 1911. Na ya 1936. Mwanamke yuleyule, shali ileile. Kila mara yuko nyuma ya msichana, na kila mara msichana anaitwa Grizel, kwa sababu nyinyi Watosh mtoto akifa mnampa jina lake anayefuata. Nimetafuta vyeti vyao vya vifo. Hakuna hata mmoja aliyefika miaka saba."

Picha ya tano ilikuwa ya rangi, ya kiangazi cha 1974. Msichana mwenye gauni la njano alikuwa ameshika aiskrimu. Begani kwake palikuwa na mkono mweupe, na juu ya mkono huo ukingo wa shali.

Gavin aliiangalia muda mrefu. Uwekundu ulimtoka usoni.

"Hii picha imetundikwa buchani kwetu miaka hamsini," alisema polepole. "Naiona kila asubuhi nikifunga aproni. Mwezi uliopita nikaitoa ukutani, nikakuletea. Ilikuwa na Grizel na aiskrimu yake, basi. Hapakuwa na mkono." Akainua macho. "Umeichezea. Umeingiza mtu kwa kompyuta, sasa unanidai pesa yake. Unamtumia dada yangu, mwanamke we!"

"Au wewe ndiye umeichezea ili usilipe," Elspeth alimrudishia. "Ningekuwa na akili ya kuchezea picha, Gavin, ningekutengenezea babu mwenye sura nzuri zaidi."

Gavin alizizoa picha, akalikumbatia bati lake, akatoka akiacha mlango wazi na ankara mezani. Elspeth akaufunga. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri ya Novemba na giza, kama kawaida ya majira ya baridi huku kaskazini, lilishaanza kuingia. Chumba kilinuka sufu iliyolowa. Alikuwa ameisikia harufu hiyo tangu Gavin alipoingia, akadhani ni koti lake.

Koti limeondoka. Harufu imebaki.

*

Jumatano, Ailsa, bintiye Gavin, alikuja na mtoto kwenye kigari.

"Baba amesema nisikanyage hapa. Anasema wewe ni tapeli mzee."

"Uzee ni kweli. Ingia, unanitolea joto nje."

Ailsa hakuvua koti. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. "Bi Elspeth, yule mwanamke wa kwenye picha. Shali yake ina mistari miwili pembeni, na pindo limekatika upande mmoja?"

"Baba yako amekuonyesha."

"Baba amelificha bati kwenye friji ya bucha, nyuma ya soseji. Sijaona picha hata moja."

Elspeth alimtazama kwa makini. Wazo la kwanza lililomjia si zuri, lakini ndilo lililomjia: baba na binti wamepanga kumtega ili wamtangaze mjini kuwa mzushi. "Nipe simu," alisema. "Nitafungua mwenyewe. Usiniguse mkono."

Zilikuwa picha za mtoto, kumi na nne, alizopiga Ailsa kitandani kwake mchana kweupe. Katika ile ya kwanza mtoto alionekana vizuri na hapakuwa na kingine. Katika ya tano palikuwa na kitu cha kahawia pembeni ambacho mtu angedhani ni pazia. Katika ya tisa pazia lile lilikuwa na mistari miwili na pindo lililokatika, na mtoto ameanza kufifia. Na katika ya mwisho, iliyopigwa asubuhi ileile, kitanda kilikuwa ukungu, blanketi ukungu, uso wa mtoto ukungu, na kitu pekee kilichoonekana wazi, kucha kwa kucha, na udongo mweusi ukiwa umeganda chini ya kila ukucha, kilikuwa mkono uliokuwa umelala juu ya kifua chake.

"Chumbani kwake pananuka sufu mbichi," Ailsa alinong'ona. "Nimefua kila kitu. Na nasikia kalamu, Bi Elspeth. Kalamu ya chuma ikikwaruza karatasi. Inaandika kidogo, inasimama. Inaandika kidogo, inasimama."

"Msimwite jina hilo. Mpeni lingine."

"Tumeshamwita hivyo wiki mbili. Baba amechongesha kijiko cha fedha."

Elspeth alivaa miwani. Gavin alikuwa ameiacha Biblia ya ukoo aliyoileta pamoja na bati, kwa vile ilikuwa nzito, na ndani ya jalada lake palikuwa na maandishi ya mwaka 1850, mwandiko mzuri ulioinama kulia: *Mwanetu wa kwanza amezaliwa leo. Nimeandika mimi mama yake, Grizel Tosh, kwa mkono wangu.* Kando yake akaweka nakala ya cheti cha kuzaliwa mtoto mwingine, mwaka 1856. Mahali pa sahihi ya mama, karani aliandika jina Grizel Tosh, na katikati ya jina pakawa na alama ya msalaba, ile ya mtu asiyejua kuandika, yule mama akiwa ameshikishwa kalamu.

Alikuwa ameziona karatasi zote mbili mara ishirini. Kila moja ilithibitisha jina, akaridhika. Hakuwahi kuziweka bega kwa bega.

"Mtu hasahau kuandika jina lake," alisema.

"Sikuelewi."

"Hawa ni wanawake wawili, mwanangu." Akavuta sensa ya 1861. "Tazama umri. Huyu ni mdogo kwa miaka sita kuliko Grizel alivyotakiwa kuwa. Grizel alikuwa na mdogo wake wa kike, Christian, aliyehama nao kuja Drumlathie mwezi Machi 1853. Nilimtafuta Christian baada ya hapo, sikumpata popote, nikaandika kwamba labda alivuka kwenda Kanada." Alijichukia kwa lile neno labda. "Hakwenda popote. Grizel alikufa walipofika tu, kabla jirani hajamjua sura. Na sheria ya wakati ule ilimkataza mwanamume kumwoa ndugu wa marehemu mkewe. Wangefukuzwa kanisani, pengine wangefungwa. Basi Andrew akamchukua Christian, akampa jina la dada yake. Mbele ya watu, hakuna mke aliyekufa."

"Na Grizel mwenyewe?"

"Nimemtafutia cheti cha kifo, kaburi, jiwe, chochote. Cha Grizel Tosh mtu mzima kipo kimoja, cha 1889, na hicho ni cha Christian." Elspeth alivua miwani. "Kwa vitabu, huyu mwanamke hajafa. Hana kitu duniani isipokuwa jina lake, na kila mnapompa mtoto, anakuja kulichukua."

Ndani ya kigari mtoto hakuwa amelia tangu waingie. Alikuwa macho, ametulia, akitazama juu ya bega la mama yake.

*

"Nina makanisa manne na boila moja mbovu," alisema Mchungaji Purdie siku ya Alhamisi, mwanamke kijana aliyevaa viatu vya mpira vyenye matope. "Mizuka sina nafasi nayo, Bi Rennie."

"Sikuombi uombee kitu. Nataka kitabu cha kifuniko."

Zamani kanisa la Drumlathie lilikuwa na kifuniko cha mahameli meusi cha kutandika juu ya jeneza, na kila aliyefiwa alikikodi. Kulikuwa na cha kawaida pia; kizuri kilikuwa shilingi tano. Karani aliandika pesa na jina la maiti, na kwa miaka iliyotangulia vyeti, mstari huo mara nyingi ndio alama pekee kwamba mtu alizikwa.

Mchungaji, Elspeth na Ailsa aliyekuja naye walikikuta kitabu hicho chini ya vitabu vya nyimbo vilivyoota ukungu. Elspeth akafika Machi 1853, akasoma kwa sauti ndogo:

"*Mgeni, fundi mawe, ameomba kifuniko kizuri kwa ajili ya mwanamke. Amekataa kutaja jina la maiti. Nimemwambia bila jina hakuna kifuniko. Shilingi tano hazikupokelewa. Ameondoka, nje mvua ikinyesha.*"

Baada ya maneno hayo palikuwa na mstari mtupu.

"Kamzika mwenyewe," Ailsa alisema. "Ndani ya shali. Kwenye mvua."

Mchungaji hakutania tena. Alifungua sanduku la nyuma ya madhabahu, akakitoa kifuniko, kizito, pindo limeliwa na nondo. Ailsa akaweka sarafu ya pauni juu ya kitabu. "Andika," alisema. "Sitaki chenji."

Mchungaji aliandika *Grizel Tosh* kwenye ule mstari. Wote watatu waliona wino ukiwa mweusi, kisha wakauona ukipauka, ukawa wa kijivu, ukazama katika karatasi kama maji mchangani. Mstari ukabaki mtupu. Elspeth akaweka sarafu yake, Mchungaji akaandika tena, na wino ukazama tena, na sasa waliisikia wote, mahali fulani kati ya viti, kalamu ya chuma ikikwaruza, ikisimama, ikikwaruza, kama mtu anayejaribu kuandika jina lake kwenye kitu ambacho hakikubali.

"Hapokei kwetu," Elspeth alisema. "Wewe, Ailsa, umeolewa, jina lako Mutch. Mimi sina undugu naye. Aliyemnyima jina ni mwanamume wa Tosh."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Gavin alikuwa peke yake buchani. Elspeth, Ailsa na kigari walipoingia hakuwasalimu. Elspeth alimweleza yote, kwa maneno machache, bila kupamba. Ailsa alikiweka kile kitabu juu ya kaunta, na kalamu juu yake. Mchungaji aliwakabidhi bila kudai risiti.

Gavin alisikiliza huku akifuta kisu ambacho kilikuwa kisafi tayari. Kisha akafungua droo ya pesa.

"Mia nne na themanini," alisema, akiziweka noti moja moja. "Na ishirini juu. Mia tano. Umeshinda. Lakini kile kisanduku cha arobaini kinafutwa, na hii hadithi ya dada wawili inaishia hapa. Watu themanini wanakuja Jumapili. Sitasimama mbele yao na ukoo uliotokana na uzinzi na jina la wizi."

"Andrew alisema hivyohivyo."

"Chukua pesa, Bi Rennie. Najua paa lako linavuja."

Lilikuwa linavuja kweli. Ndoo mbili zilikuwa darini tangu Oktoba, na fundi alikuwa ametaja bei ambayo hizo noti zingeitosha na kubaki na kitu. Elspeth alizitazama. Sitasema hakuzitamani.

"Siandiki uongo kwa pauni kumi na mbili," alisema, "wala kwa mia tano. Robo pauni, Gavin. Ndiyo shilingi tano za wakati ule. Iweke kwenye kitabu, na uliandike jina kwa mkono wako."

"Siweki hata peni! Nikiweka, nimekiri!"

"Dada yako alikuwa na miaka mingapi?"

"Usimtaje dada yangu."

"Sita," Ailsa alisema. "Alikuwa na miaka sita, baba, na wangu ana wiki mbili." Alitoa simu. "Simama hapo. Wote simameni hapo mlipo. Nataka uone mwenyewe, usije ukasema nimechezea."

Akapiga picha. Taa za bucha zilikuwa kali, mchana ulikuwa umefika dirishani. Akaitazama. Gavin alimnyang'anya simu. Katika picha ile yeye mwenyewe alikuwa amefifia, aproni na uso vimepanguswa kama kwa kidole, Elspeth amefifia, kulabu, soseji, mizani, noti juu ya kaunta, vyote ukungu mtupu. Na katikati ya ukungu ule, ndani ya kigari, mjukuu wake alikuwa wazi, uzi wa kofia kwa uzi, kope kwa kope.

Ailsa alishamnyakua mtoto. "Amepoa," alisema. "Baba, amepoa! Anapumua lakini amepoa!"

Ndipo harufu ilipokuja, ikafunika ya nyama na ya damu na ya maji ya dawa ya sakafuni, harufu ya sufu iliyolala ardhini miaka na mvua yake ndani, na kioo cha friji kikaingia ukungu kutoka upande wa ndani, na mlango wa friji, ambao Gavin aliufunga kwa komeo mwenyewe, ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na lile bati la biskuti likaanguka kutoka nyuma ya soseji na kumwaga picha zake sakafuni, na ya juu kabisa ilikuwa ile ya gauni la njano, ambamo yule mwanamke hakuwa tena nyuma ya msichana, bali mbele yake, anatazama moja kwa moja anayeangalia, na kiganja chake kimefunguliwa kama cha mtu anayesubiri kupewa.

Gavin alizisukuma zile noti kwa mikono miwili, zikateleza juu ya kaunta mpaka kwa Elspeth.

"Chukua zote!" alisema, na sauti ilikuwa ya mvulana wa miaka minane. "Bi Elspeth, chukua zote, mwambie aondoke! Anataka ngapi? Sema, nitatoa! Anataka ngapi?"

Ailsa alikuwa akilia na uso ameuzika shingoni mwa mtoto. Ile kalamu juu ya kitabu ilijigeuza, ncha ikaelekea kwa Gavin.

"Shilingi tano," alisema mtu nyuma yake. "Na jina langu."